Leja ya Dirisha la Dawa

Leja ina safu tatu: Kilichopokelewa, Kilichotolewa, Baki.
Safu ya tatu naijaza asubuhi kabla ya chai,
maana sifuri haihitaji kuhesabiwa.

Mwezi wa sita lori lilipanda uwanda kutoka Mtwara
limebeba salfa. Mfuko mmoja ulikuwa umetoboka,
ukaacha mstari wa manjano barabarani
hadi mlangoni mwa ghala la chama cha msingi.
Majina yakasomwa kwa kipaza sauti:
Nampemba Bakari, mifuko minne.
Dawa ya mikorosho imefika, jamani, imefika!
Nami dirishani, ndani ya koti jeupe,
nikaionea mikorosho wivu.

Jioni ile Nampemba akaja kwangu,
cheti cha mkewe kimekunjwa mara nne ndani ya kofia.
Vidonge vya presha, thelathini.
Nikafungua leja nipate pa kuinamisha uso.
"Hakuna. Labda Kitangari, duka la dawa."
Hilo neno *labda* nimeligawa miaka kumi na moja
na halijawahi kuniishia.

Somoe, mkewe, nilimjua kwa mkono wa kulia:
vidole vina madoa ya mafuta ya ganda,
hubangua korosho taratibu
kama anayemfungua mtoto vifungo vya shati.
Punje hutoka nzima, nyeupe.
Wanunuzi walikuwa wakiuliza, hizi za Somoe?

Walinunua kumi badala ya thelathini.
Akawa anameza kimoja kila siku ya tatu,
kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo
akitumaini mdai atasahau.

Alianguka jikoni, mwiko mkononi, kisamvu kikaungua.
Wakampeleka Ndanda kwa pikipiki,
amefungwa kwa kanga kwenye mgongo wa dereva,
Nampemba nyuma akimshika shingo isiyumbe.
Kabla ya kuondoka aliuza salfa,
mifuko yote minne, kwa nusu bei.
Haikutosha.
Akamwita mtu wa kangomba, wakasimama shambani,
wakapimiana kwa bakuli
korosho ambazo bado zilikuwa maua.

Kisha baridi ikaja, na ubwiriunga.
Maua yakavaa unga kama watu wa msibani,
yakapukutika.
Mwaka juzi shamba lile lilitoa magunia kumi na mbili.
Safari hii mawili, nayo si yake.

Mwezi wa kumi na moja afisa alitoka wilayani na karatasi zake.
Akasimama mbele yetu, akajifuta jasho, akasoma:
kilo zimepungua, ushuru umepungua,
kwa hiyo fungu la dawa za zahanati litasubiri msimu ujao.
Akaongeza, nje ya karatasi,
kwamba watu wa huku wamekuwa wavivu wa kupuliza.

Niliinua mkono.
Nilitaka kumwambia, ndugu afisa, kilo hizo mimi ninazo.
Ziko ukurasa wa arobaini na sita,
mstari wenye jina la mwanamke,
pale nilipoandika HAKUNA kwa wino mwekundu.
Ungezipata zikigharimu vidonge thelathini.
Lakini mwenyekiti alitazama saa,
na mkono wangu nikaugeuza, nikajikuna kisogo.

Somoe amerudi. Mdomo umepinda kidogo, macho ni yaleyale.
Mkono wa kulia umelala mapajani
kama mgeni ambaye hajui atakaa hadi lini.
Anajifunza kubangua kwa kushoto.
Punje zinavunjika.

Jana alimtuma binti yake aniletee bakuli la vipande.
"Mama anasema ule na chai, hazinunuliwi."
Nikavimwaga juu ya leja, pale penye safu ya tatu,
nikaanza kuvihesabu, sijui kwa nini;
vidole vimesahau kazi hiyo.
Kumi. Ishirini.
Nilipofika thelathini nikaacha.